Viti saba vya Septeto Nacional

*Bendi iliyoanzishwa Havana mwaka 1927 haina tena mwanzilishi hata mmoja aliye hai, lakini bado inapiga. Muziki wa son wa Kuba ulindwe na nani, na ulindwe dhidi ya nini?*

Mwaka 1929 bendi ya Septeto Nacional iliabiri meli kutoka Havana kwenda Hispania. Ilikuwa imealikwa kutumbuiza kwenye Maonesho ya Ibero-Amerika mjini Sevilla, heshima kubwa kwa watu waliojifunza muziki kwenye nyua za nyumba za kupanga na sherehe za mitaa ya makabwela. Njiani, mwimbaji wao Cheo Jiménez akafariki dunia. Akazikwa baharini.

Waliobaki walifika, wakapiga bila yeye. Walirudi Kuba na medali ya dhahabu.

Bendi hiyo ipo hadi leo. Waanzilishi wake wote wametangulia mbele ya haki, na wengi wa waliowarithi nao wamekwisha kwenda. Hata hivyo, viti saba vya Septeto Nacional Ignacio Piñeiro, kama inavyoitwa kwa heshima ya mwanzilishi wake, vina watu.

Bendi itatimiza miaka 100 mwaka 2027, wakati nchi yake iko katika hali ngumu ambayo Wakuba wengi hawajawahi kuiona. Ndiyo maana mjadala wa zamani umerudi kwa nguvu: kuhifadhi muziki ni kuupiga vile vile ulivyopigwa na mababu, au ni kuuacha uende na watu wake?

Mwashi aliyejua kutunga

Son haikuzaliwa Havana. Ilitoka mashariki ya kisiwa, kwenye milima na mashamba ya upande wa Santiago, Guantánamo na Baracoa, mwishoni mwa karne ya 19. Wazao wa watumwa wa Kiafrika na wakulima wenye asili ya Kihispania waliishi jirani kule, na muziki wao ukaoana.

Vyombo vilikuwa vya kujitengenezea. Besi ilipatikana kwa kupuliza mtungi wa udongo ulioitwa botija, au kwa marímbula, sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole. Mgogo yeyote akiiona marímbula atamtambua ndugu wa marimba yake, maana asili yake ni Afrika, hasa ukanda wa Kongo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, yapata mwaka 1909, askari waliohamishwa kutoka mashariki waliuleta muziki huo Havana. Wakubwa wa mji hawakuupenda. Bongó, ngoma mbili ndogo zinazobanwa katikati ya magoti, ilihesabiwa kuwa kelele ya kishenzi, na polisi waliwasumbua waliokutwa wakiipiga. Ngozi yake siku hizo ilikazwa kwa joto la moto, kama ngoma za kwetu.

Ignacio Piñeiro aliyakuta hayo akiwa kijana. Alizaliwa Havana mwaka 1888, akawahi kufanya kazi ya uashi, na kabla ya kushika besi alikuwa mtunzi na kiongozi wa kwaya za rumba za mitaani, ikiwamo Los Roncos. Rumba ya Kuba ni ngoma na sauti tupu, haina gitaa. Piñeiro aliyachukua yale maneno makali na majibizano ya kwaya akayaingiza kwenye son ya mashariki iliyokuwa na nyuzi.

Mwaka 1926 alikwenda New York kurekodi akiwa mpiga besi wa Sexteto Occidente, bendi ya María Teresa Vera, mwanamke aliyeongoza wanaume katika muziki ambao wengi waliamini si wa wanawake. Mwaka uliofuata akaanzisha bendi yake. Alitunga nyimbo zaidi ya 300.

Uzuri wa kazi zake ulionekana mapema. Mtunzi wa Marekani George Gershwin alipozuru Havana mwaka 1932, alirudi kwao na wazo la muziki la Piñeiro, akaliingiza kwenye kazi yake ya okestra, Cuban Overture, ya mwaka huo huo. Mwaka 1933 Septeto Nacional ikapiga kwenye maonesho ya dunia mjini Chicago.

Kinachohifadhiwa ni nini hasa?

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu watu hupenda kusema "muziki wa asili" kana kwamba ni kitu kimoja kilichofungwa ndani ya boksi.

Bendi ya namna hii ina tres, gitaa, besi, bongó, manyanga, vijiti viwili vya mti mgumu viitwavyo claves, na tarumbeta. Tres ni ndugu wa gitaa mwenye nyuzi sita zilizopangwa mbili mbili, na ndiyo inayotoa ile sauti kali yenye kumetameta inayokwambia mara moja kwamba hii ni Kuba. Waimbaji hawasimami mikono mitupu. Mmoja ana manyanga, mwingine ana claves.

Claves zinaonekana chombo cha kitoto. Pigo lake lina milio mitano tu: mitatu upande mmoja, miwili upande wa pili, kisha unarudia mpaka wimbo uishe. Lakini kila kitu kingine kinaliangalia pigo hilo. Mwimbaji akiingiza mstari upande usio wake, wenzake wanajua, na wachezaji nao wanajua hata kama hawawezi kueleza kilichoharibika.

Kisha kuna besi. Mpiga besi wa son hatui kwenye pigo la kwanza kama unavyotarajia. Hulitangulia kidogo, halafu pigo lenyewe analiacha tupu. Mchezaji anayengoja besi imwambie mguu utue wapi hujikuta mguu uko hewani. Jambo hili halifundishiki vizuri kwa maandishi ya noti. Ukiliandika linaonekana rahisi, ukilipiga linakutoka mkononi.

Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akieleza kisa chake. Baadaye mambo hubadilika: tres inashika mstari mfupi inaurudiarudia, bongó inachangamka, kiongozi anaimba kwa kubuni na wenzake wanamwitikia kwa maneno yale yale. Wakuba wanaiita sehemu hiyo montuno. Msomaji aliyekulia kwenye kumbi za dansi za Dar es Salaam au Tanga ataitambua bila kuambiwa, kwa maana ndiyo chemko.

> Hata tarumbeta, ambayo leo ndiyo alama ya son ya kale, iliingia kama kitu kipya.

Na hapa ndipo hoja ya wahifadhi wakali inapoanza kuyumba. Bendi za son za Havana miaka ya 1920 zilikuwa za watu sita. Septeto Nacional ilipoanza, nayo ilikuwa ya watu sita. Tarumbeta ilipoongezwa, ikishikwa na Lázaro Herrera, ndipo ikawa septeto, na wapo waliolalamika kwamba chombo hicho cha gwaride kinaharibu son. Leo ukiiondoa tarumbeta hiyo, wahifadhi ndio watakaokuwa wa kwanza kupiga kelele.

Wanaotaka ibaki, wanaotaka itembee

Piñeiro hakuwa wa mwisho kubadilisha. Kuanzia mwaka 1940, mpiga tres kipofu Arsenio Rodríguez aliongeza piano, ngoma ya tumba na tarumbeta zaidi ya moja, akaufanya muziki uwe mzito na wa taratibu, wenye Afrika nyingi zaidi ndani yake. Juan Formell alianzisha Los Van Van mwaka 1969, akaleta magitaa ya umeme na ngoma za kisasa. Miaka ya 1990 mtindo wa timba ukapamba moto, ukipigwa na vijana waliosomea muziki kwa miaka mingi na wenye mikono myepesi ajabu. Siku hizi mitaa ya Havana imeshikwa na reguetón na mtoto wake wa nyumbani, reparto.

Wanaotetea mabadiliko wana hoja nzito. Wanasema son ni mti, na matawi hayo yote yametoka kwake. Anayemlazimisha kijana apige kama mwaka 1927 anamnyima haki aliyokuwa nayo Piñeiro mwenyewe.

Wa upande wa pili nao hawasemi upuuzi. Wanajua kwamba kila kilichoongezwa kilikula nafasi ya kitu kingine. Piano ilipoingia, tres ikapungua. Bendi nyingi zikaacha kabisa kuwa nayo. Mpiga bongó alipopata jirani mwenye tumba, na baadaye mwenye seti kamili ya ngoma, zile njia za kubuni kwa ngoma mbili ndogo zikaanza kusahaulika. Sauti iliyopotea hivyo hairudishwi na tangazo la serikali, ingawa matangazo yapo: Kuba iliitangaza son kuwa urithi wa taifa mwaka 2012, na tangu 2020 tarehe 8 Mei ni Siku ya Son.

Mwaka 1976, vijana waliokuwa wakisomea uhandisi Havana walionesha njia ambayo pande zote mbili zilikuwa hazijaifikiria. Wakati huo wenzao walitaka roki na nyimbo mpya za mapinduzi. Son ilikuwa ya wazee. Wao wakaanzisha bendi wakaiita Sierra Maestra, wakawafuata wapigaji wakongwe, wakajifunza mtindo wa septeto chombo kwa chombo. Katika bendi hiyo walikuwamo Juan de Marcos González, mpiga tres, na Jesús Alemañy, mpiga tarumbeta. Vijana wenzao wakaupenda muziki wa babu zao kwa sababu ulipigwa na watu wa rika lao.

Naona huo ndio ushahidi mkubwa kuliko yote katika mjadala huu. Kilichokuwa kimekosekana hakikuwa santuri; santuri zilikuwapo tele. Palikosekana kijana aliyekaa karibu na mzee kiasi cha kuona kidole kinakwenda wapi.

Baraka na mzigo wa 1996

Juan de Marcos ndiye aliyewakusanya wakongwe kwenye studio za Egrem, Havana, mwezi Machi 1996. Mpango wa awali wa kampuni ya World Circuit ya London ulikuwa kuwakutanisha Wakuba na wanamuziki wa Mali. Wamali hawakufika kwa sababu ya matatizo ya hati za safari, na studio ilikuwa imeshalipiwa. Wakarekodiwa wanamuziki waliokuwapo, wengi wao wazee: Compay Segundo, Rubén González, Ibrahim Ferrer, Omara Portuondo, Eliades Ochoa na wengine. Albamu ya Buena Vista Social Club ikauza zaidi ya nakala milioni nane duniani.

Kwa wazee wale ilikuwa haki iliyochelewa. Ferrer alikuwa akijipatia riziki kwa kung'arisha viatu. González hakuwa na piano nyumbani. Walizunguka dunia wakashangiliwa, na Compay Segundo aliendelea kupanda jukwaani akiwa na miaka zaidi ya 90.

Mzigo ulikuja baadaye. Watalii waliomiminika Havana ya Kale walitaka nyimbo zile zile walizozisikia kwenye albamu, hasa Chan Chan ya Compay. Kila mgahawa ukawa na bendi yake ndogo, na kila bendi ikalazimika kuupiga wimbo huo usiku kucha, meza hadi meza, kisha kofia inapitishwa. Siwalaumu wapigaji, kwao hiyo ndiyo ada ya shule ya mtoto na mafuta ya kupikia. Lakini utamaduni wa mtunzi mmoja mwenye nyimbo zaidi ya 300 ukibanwa kwenye nyimbo kumi za watalii, umehifadhiwa kweli?

> Septeto ndiyo bendi inayoweza kupiga umeme ukikatika, na Kuba umeme unakatika.

Sasa hata watalii wenyewe wamepungua. Mwaka 2018 Kuba ilipokea wageni takribani milioni 4.7, mwaka 2024 walikuwa takribani milioni 2.2. Oktoba 2024 gridi ya taifa ilianguka na nchi nzima ikabaki gizani. Mafuta hayatoshi, chakula hakitoshi, vikwazo vya Marekani vinaendelea. Bendi ya timba yenye watu 15 na vyombo vya umeme inaumia vibaya katika hali hiyo. Septeto inaweza kukaa barazani ikapiga kama ilivyokuwa ikipiga kabla nyaya hazijafika mtaani.

Ila haiwezi kupiga bila watu.

Kiti kinavyorithiwa

Turudi kwenye viti saba. Katikati ya miaka ya 1930 Piñeiro aliondoka kwenye bendi, kwani haikuweza tena kumlisha. Herrera akaiongoza mpaka ikasambaratika mwaka 1937. Kwa miaka 17 hapakuwa na Septeto Nacional ya kudumu. Mwaka 1954 ikakusanywa upya, Piñeiro akiwamo, na safari hii akaingia mwimbaji Carlos Embale, mtu wa rumba mwenye sauti ya juu inayochoma.

Pengo hilo la 1937 hadi 1954 linapaswa kuwatisha wote wanaodhani mambo mazuri hayafi. Bendi iliponea chupuchupu kwa sababu wahusika wakuu walikuwa bado hai. Ingesubiri miaka 30, wangebaki wa kusimulia tu.

Piñeiro alifariki mwaka 1969. Uongozi ukaenda kwa Rafael Ortiz, naye ni mtunzi mkubwa, na baada yake ukapita mikono mingine hadi kwa mpiga bongó Frank Oropesa. Mwimbaji Eugenio Rodríguez, maarufu kwa jina la Raspa, alisimama mbele kwa miaka mingi. Herrera, aliyeshika tarumbeta tangu mwanzo, aliishi hadi mwaka 2000, na kwa hiyo waliokuja nyuma yake walimpata mwenyewe wakamuuliza. Kiti hakikukabidhiwa kwa mirathi ya karatasi.

Mwaka 2009, baada ya miaka kadhaa ambayo wasanii wa Kuba walinyimwa viza, bendi ilifanya ziara Marekani kwa mara ya kwanza tangu 1933. Hakuna aliyekuwa kwenye safari ile ya kwanza aliyekuwamo kwenye hii ya pili.

Mfumo wa Kuba ulisaidia. Tangu miaka ya 1960 mwanamuziki wa kulipwa hupimwa, hupewa daraja, na hulipwa mshahara na taasisi ya serikali. Mshahara huo ulikuwa mdogo na urasimu wake mkubwa, lakini uliwezesha bendi ya muziki usiovuma redioni kudumu miaka 50 bila kuvunjika. Shule za muziki za serikali nazo zilitoa wapigaji hodari, ingawa kwa muda mrefu zilifundisha muziki wa Ulaya na kuuacha ule wa mtaani usubiri nje ya geti.

Leo mshahara huo haununui kitu. Takwimu za serikali zilizotolewa mwaka 2024 zilionesha kwamba zaidi ya watu milioni moja walihama kati ya 2021 na 2023, sawa na mtu mmoja katika kila kumi. Wanaoondoka wengi ni vijana. Mpiga tres wa miaka 25 aliyepata mwaliko wa kwenda Hispania ana sababu zote za kutorudi, na hakuna mwenye haki ya kumwambia abaki na njaa ili atulindie urithi.

Ndiyo maana sioni kwamba adui wa son ni reguetón. Muziki wa vijana umekuwa ukitukanwa Havana tangu bongó ilipoteremka kutoka milimani, na kila mara matusi yameshindwa. Hatari iko kwenye kiti kinachobaki wazi wakati mzee aliyekikalia amechoka na hakuna wa kumrithi chumbani. Waliojitahidi kukijaza wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa. Mfano ni Anacaona, bendi ya wanawake iliyoanzishwa na dada wa ukoo wa Castro mwaka 1932 kama septeto, wakati wanaume walisema mwanamke hawezi kupiga son. Nayo bado ipo, ikiwa na wapigaji wa kizazi kingine kabisa.

Santuri zilizovuka bahari

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyokumbuka. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilileta Afrika santuri za mfululizo wa G.V., na ya kwanza ilikuwa El Manisero ya okestra ya Don Azpiazu. Ziliandikwa "rumba" ingawa nyingi zilikuwa son. Vijana wa Léopoldville na Brazzaville walizisikiliza mpaka zikachakaa, wakatengeneza yao. UNESCO iliiweka rumba ya Kuba kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, na rumba ya Kongo mwaka 2021.

Kwetu, Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Hakuwa anatania wala kujipendekeza kwa wageni. Alisikia kitu kilichokuwa chake akakiimba kwa Kiswahili, na alipofariki mwaka 1965 Juma Kilaza akakikalia kiti chake.

Bendi za Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, iliyoanza 1978, zimepita njia ile ile ya kuzika, kurithi na kuendelea. Wapigaji wao wangekuwa na mengi ya kuzungumza na akina Oropesa, na wasingehitaji mkalimani kwa sehemu kubwa ya mazungumzo hayo.

Waandaaji wa tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar na wenzao wa Bara wana nafasi ya kuyafanikisha mazungumzo hayo. Septeto ni watu saba, na vyombo vyao vyote vinaenea kwenye Hiace moja. Wakija, wasiishie Mji Mkongwe. Wapelekwe Morogoro, wakutanishwe na vijana wanaojifunza gitaa, na wapewe siku nzima bila jukwaa.